Henry van de Velde: fundi asiye na diploma aliyewafungulia wengine shule

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yakitangazwa, nyumba nyingi za Bunia zinaingia katika mashauri. Mtoto amepata diploma ya Serikali. Sasa aende kusoma nini, na masomo hayo yatamfikisha wapi? Wengi wanataja udaktari, sheria ama uchumi. Wachache wanataja usanifu wa ndani ya nyumba, yaani kazi ya kupanga vyumba, mwangaza, meza, viti, rangi na mbao, ili nyumba, hospitali ama ofisi ipate kufaa watu wanaoitumia. Mtoto akiitaja kazi hii, mzazi anauliza maswali mawili. La kwanza: je, inahitaji kweli miaka mingi ya chuo, wakati fundi wa kona ya barabara anatengeneza makabati mazuri bila chuo? La pili: mtoto akimaliza, ni nani atakayempa haki ya kujiita mwenye kazi hiyo?

Maswali hayo si ya leo wala si ya Ituri peke yake. Kule Ubelgiji na Ujerumani yaligombanisha watu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Katikati ya magombano hayo alisimama mtu mmoja, Henry van de Velde. Hakuwa na diploma ya ujenzi hata moja. Lakini alijenga nyumba, alitengeneza viti na mapazia, akaanzisha shule mbili ambazo ulimwengu mzima unazikumbuka. Na jina lake linaigusa nchi yetu ya Congo kwa njia ambayo wengi hawaijui.

Mtoto wa Antwerp aliyeshika brashi

Van de Velde alizaliwa tarehe 3 Aprili 1863 katika mji wa bandari wa Antwerp, Ubelgiji. Baba yake aliuza dawa. Kijana hakufuata kazi ya baba. Aliingia Akademi ya Sanaa ya Antwerp kujifunza kuchora picha, halafu akaenda Paris, Ufaransa, kuendelea na masomo kwa mchoraji Carolus-Duran. Hakuna siku alipokaa darasani kujifunza kupiga hesabu ya ukuta, ya msingi wala ya paa. Alisoma rangi na mistari, basi.

Aliporudi Ubelgiji aliingia katika kundi la wasanii wa Brussels lililoitwa Les XX, ambalo lilipenda mambo mapya. Mwaka 1889 mama yake alifariki. Msiba ule ulimvunja moyo sana, akajitenga na watu kwa muda, akakaa kijijini akisoma na kufikiri. Alipotoka huko mawazo yake yalikuwa yamegeuka. Alisoma vitabu vya Waingereza John Ruskin na William Morris, waliofundisha kwamba uzuri haukai katika picha za matajiri peke yake, unapaswa kuwa pia katika kiti, sahani, kitambaa na mlango wa kila siku. Kumbe, alijiuliza, kuna faida gani kutundika picha nzuri ukutani kama nyumba yenyewe ni mbaya? Karibu mwaka 1893 aliweka brashi chini. Tangu pale alijitolea kwa kazi ya mikono na mipango ya ndani ya nyumba.

Nyumba iliyojengwa bila karatasi

Mwaka 1894 alimuoa Maria Sèthe, mwanamke aliyejua muziki na sanaa, ambaye alifanya naye kazi kwa miaka mingi. Walitafuta nyumba na vyombo vya kuanzia maisha, wakazunguka maduka, hawakuona kitu cha kuwapendeza. Kila kitu kilikuwa kimejaa mapambo ya kuiga zamani. Basi mwaka 1895 van de Velde aliamua kujenga mwenyewe. Alichora nyumba huko Uccle, pembeni ya Brussels, akaiita Bloemenwerf. Alikuwa na miaka 32 na hajawahi kujenga hata banda la kuku.

Hakuishia kwenye kuta. Alichora milango, meza, viti, karatasi za ukutani, hata nguo za mke wake ili zipatane na vyumba. Nyumba hiyo bado inasimama hadi leo. Watu wengine walicheka, lakini wengine walikuja kutazama, kati yao mfanyabiashara Siegfried Bing wa Paris. Bing alimpa oda ya vyumba kwa duka lake jipya lililofunguliwa mwishoni mwa mwaka 1895. Duka hilo liliitwa Art Nouveau, na jina lake likageuka kuwa jina la mtindo mzima.

Hapa ndipo msomaji wa leo anapaswa kusimama kidogo. Van de Velde aliwezaje kujenga bila kuulizwa karatasi? Jibu ni rahisi. Wakati ule sheria ya Ubelgiji haikulinda jina la arkitekti, yaani msanifu wa majengo. Mtu yeyote mwenye ujasiri, pesa kidogo na mteja aliweza kuandika jina hilo mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, akaingia. Wako wengine wengi walioingia pamoja naye, nao hawakuwa na kipaji chake. Nyumba zao zilivuja na ngazi zao zilivunja watu miguu. Mlango ule ule ulileta fundi mkubwa na mdanganyifu pia.

Mbao za Congo na makaburi ya Tervuren

Mwaka 1897 mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alitaka kuonyesha dunia mali ya Congo, ambayo wakati ule aliihesabu kama mali yake mwenyewe. Aliandaa maonyesho makubwa huko Tervuren, karibu na Brussels. Watu zaidi ya milioni moja walikwenda kutazama. Kupanga ndani ya jumba kulipewa mafundi wanne wa mtindo mpya: Paul Hankar, Gustave Serrurier-Bovy, Georges Hobé na Henry van de Velde. Van de Velde alipanga ukumbi wa bidhaa zilizotoka Congo kwenda kuuzwa ng'ambo. Hobé alisimamisha katika ukumbi wake nguzo na matao ya mti wa bilinga, mti wa manjano wa misitu yetu.

Kwa historia ya usanifu wa ndani, Tervuren ni hatua kubwa. Mbao za Congo zilionyeshwa kama kitu cha thamani, zikapindwa na kuchongwa kwa mistari mirefu kama mizizi na mitambaa. Tayari huko Brussels msanifu Victor Horta alikuwa anatumia mbao za Congo katika nyumba ya Edmond van Eetvelde, mkubwa wa utawala wa Leopold. Hivyo mtindo ambao vitabu vinausifu kama uzuri wa Ulaya ulisimama kwa sehemu juu ya miti iliyokatwa huku kwetu.

Lakini Tervuren ilikuwa na upande mwingine. Nje ya jumba, katika bustani, waliwekwa Wacongomani 267 walioletwa kwa meli ili watazamwe na wageni katika vijiji vya kuigiza. Majira yale yalikuwa ya mvua na baridi. Saba kati yao walikufa. Makaburi yao yako hadi leo karibu na kanisa la Tervuren. Ndani, mbao ya Congo ilipewa fundi bora na taa nzuri. Nje, mtu wa Congo alipewa uzio. Hakuna aliyefikiri siku ile kwamba Mcongomani angeweza kuwa yule anayechora chumba.

Van de Velde hakuwa mtawala wala mfanyabiashara wa mpira. Alichukua oda, akafanya kazi yake, akalipwa. Lakini maisha yake hayawezi kuelezwa Bunia bila kusema jambo hili. Kazi ya kupamba inaweza kufunika maumivu kama kitambaa kizuri juu ya meza iliyovunjika.

Ujerumani: kutoka chumba hadi shule

Mwaka ule ule wa 1897 vyumba vyake vilionyeshwa Dresden, Ujerumani, na Wajerumani walivipenda kuliko watu wa kwao. Alikuwa na ateliye Ixelles, lakini oda nyingi zilitoka upande wa pili wa mpaka. Mwaka 1900 alihamia Berlin. Huko alipanga duka la tumbaku na saluni ya kunyoa, akapanga pia ndani ya jumba la makumbusho la Folkwang huko Hagen, kwa ajili ya tajiri Karl Ernst Osthaus. Tena alijenga nyumba ya familia ya Esche katika mji wa Chemnitz.

Mwaka 1902 mtawala wa jimbo dogo la Saxe-Weimar alimwita Weimar awe mshauri wa mafundi. Kazi yake ilikuwa ngumu na ya chini, si ya majumba. Alikwenda kwa wafinyanzi wa Bürgel, kwa wasuka vikapu, kwa maseremala. Alitazama wanachotengeneza, aliwachorea miundo mipya, akawasaidia wapate kuuza. Wale mafundi walijua sana kazi ya mkono, lakini soko lilikuwa linawakimbia kwa sababu mashine za kiwanda zilitoa vitu vya bei ndogo.

Katika kazi hii aligundua jambo ambalo liliongoza maisha yake yote yaliyobaki. Fundi peke yake anajua namna, lakini mara nyingi hajui sababu. Msomi peke yake anajua sababu, lakini hajui namna. Ukiwaweka mbalimbali, wote wawili wanakuwa maskini. Ndiyo maana alianzisha Weimar shule ya ufundi na sanaa, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1908 katika majengo aliyoyachora yeye mwenyewe. Humo walifundishwa kusuka, kufunga vitabu, kutengeneza vyombo vya udongo na vya madini. Wanafunzi wengi walikuwa wanawake, jambo ambalo halikuwa la kawaida siku zile. Mwanafunzi hakuchora tu kwenye karatasi, alishika uzi, udongo na nyundo.

Mwaka 1914 vita vikuu vya kwanza vilianza. Van de Velde, Mbelgiji katikati ya Ujerumani, akageuka kuwa raia wa nchi adui. Shule yake ilifungwa mwaka 1915, na mwaka 1917 akaondoka kwenda Uswisi. Kabla ya kuondoka alipendekeza majina ya watu wanaoweza kushika nafasi yake. Moja lilikuwa Walter Gropius. Mwaka 1919 Gropius alifungua katika majengo yale yale shule iitwayo Bauhaus, shule ya usanifu iliyojulikana kuliko zote za karne ya ishirini.

Jambo moja la Bauhaus linahusu sana swali la mzazi wa Bunia. Katika miaka yake ya kwanza, shule hiyo haikutoa diploma kama ya chuo kikuu. Mwanafunzi aliitwa mwanagenzi, halafu alifanya mtihani wa ufundi mbele ya chama cha mafundi cha mji, watu wa nje ambao hawakumjua na hawakuwa na sababu ya kumpendelea. Diploma za shule yenyewe zilikuja baadaye, Bauhaus ilipohamia Dessau. Maana yake, shule ilifundisha, lakini kupima kulikuwa mikononi mwa wenye kazi.

Kurudi nyumbani, na vita vya karatasi

Baada ya vita alifanya kazi Uholanzi kwa familia ya Kröller-Müller, ambayo ilitaka makumbusho ya picha zake. Jumba hilo lilikuja kufunguliwa mwaka 1938. Lakini moyo wake ulikuwa unataka kurudi Ubelgiji. Waziri Camille Huysmans alimuunga mkono, na mwishoni mwa mwaka 1926 amri ya mfalme ilianzisha huko Brussels Taasisi ya Juu ya Sanaa za Mapambo. Masomo yalianza mwaka 1927 katika monasteri ya zamani ya La Cambre. Van de Velde alikuwa na miaka zaidi ya 60 alipopewa kuiongoza.

Magombano yalikuwa makali. Wasanifu wengi walilalamika. Wengine walisema alikaa Ujerumani sana. Wengine walisema haiwezekani mtu asiye na diploma ya ujenzi kuongoza shule inayofundisha ujenzi. Victor Horta, aliyepita katika akademi, naye hakumpenda. Nyuma ya maneno hayo kulikuwa na hofu ya mkate: akademi za zamani ziliona shule mpya itawanyang'anya wanafunzi na heshima.

Van de Velde alijibu kwa kazi. La Cambre ilifundisha usanifu wa majengo na wa miji, vitambaa, udongo, uchapaji wa vitabu, jukwaa la maigizo, matangazo na mpangilio wa ndani. Aliita walimu ambao wenyewe walikuwa wanafanya kazi nje, kama Victor Bourgeois na Huib Hoste. Ateliye ilikuwa moyo wa shule. Aliongoza hadi mwaka 1936, na wakati huo huo alifundisha katika Chuo Kikuu cha Ghent. Kwa chuo hicho alichora maktaba yenye mnara wa mita 64, na alipanga hata meza na viti vya kusomea. Alishauri pia shirika la reli la Ubelgiji, na alama ya B ndani ya duara la yai ambayo treni za Ubelgiji zinabeba ni yake.

Halafu ilikuja sheria. Tarehe 20 Februari 1939 bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria ya kulinda jina na kazi ya arkitekti. Tangu pale, anayetaka kujiita hivyo alihitaji diploma. Kila jengo linalohitaji ruhusa ya Serikali lilipaswa kuchorwa na kusimamiwa na arkitekti. Tena sheria ilikataza mtu mmoja kuwa arkitekti na mjenzi mwenye kuchukua oda ya ujenzi kwa wakati mmoja, kusudi yule anayekagua asiwe yule anayelipwa kwa kuficha makosa. Mwaka 1963 sheria nyingine iliunda chama cha lazima cha wasanifu, chenye uwezo wa kuadhibu.

Kijana wa miaka 32 akitaka kujenga Bloemenwerf ya leo kule Ubelgiji, bila diploma, sheria ingemzuia. Yule mtu aliyeingia kwa mlango uliokuwa wazi aliishi hadi kuuona unafungwa, na shule yake ikawa mojawapo ya njia za kupata ufunguo.

Angalia hata hivyo sheria ile iligusa nini. Iligusa majengo yanayohitaji ruhusa. Kazi ya ndani isiyogusa muundo wa nyumba, kama kupanga vyombo, rangi na mapazia, ilibaki huru. Huo ndio mpaka ambao hadi leo unasumbua wenye kazi ya usanifu wa ndani katika nchi nyingi. Ukigusa kiti, hakuna anayekuuliza. Ukivunja ukuta unaobeba paa, ukihamisha waya za umeme ama ukifunga mlango wa kukimbilia moto, umeingia katika maisha ya watu, na hapo karatasi inatafutwa.

Miaka ya mwisho

Vita vya pili vilimharibia jina. Wakati Wajerumani walipotawala Ubelgiji alikubali kuwa mshauri katika kazi ya kujenga upya nchi, na baada ya vita alilaumiwa kwa sababu hiyo. Maria, mke wake, alikuwa amefariki mwaka 1943. Mwaka 1947 aliondoka tena kwenda Uswisi, akakaa Oberägeri, akaandika kumbukumbu za maisha yake. Alifariki Zurich mwezi wa Oktoba 1957, akiwa na miaka 94.

Mlango wa Congo ulifunguliwa lini?

Mwaka 1943, wakati van de Velde alikuwa mzee wa miaka 80, mtawa Mbelgiji aliyeitwa Frère Marc-Stanislas alianzisha huko Gombe-Matadi, Bas-Congo, shule ndogo ya sanaa ya Saint-Luc. Mwaka 1949 ilihamia Léopoldville, na mwaka 1957 ikapata jina la Akademi ya Sanaa. Ndiyo Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa ya leo, na kati ya masomo yake kuna usanifu wa ndani. Hivyo mwaka ule aliokufa yule mpambaji wa Tervuren, Mcongomani alikuwa amekwisha kupata akademi ya kumfundisha kazi hiyo. Miaka sitini ilikuwa imepita tangu mbao zetu zilipokwenda Tervuren na watu wetu wakazikwa huko.

Miti haijaacha kusafiri. Magari ya mbao bado yanatoka upande wa Mambasa, yanapita Komanda, yanavuka mpaka kwenda Uganda na mbele zaidi. Mbao ikiondoka kama ubao, Ituri inalipwa bei ya ubao. Ikiondoka kama meza iliyochorwa vizuri, ama ikibaki hapa na kuwa chumba cha hospitali chenye mpango mzuri, bei inakuwa nyingine na kazi inabaki kwa vijana wetu. Hapo ndipo masomo haya yanapopata maana kwa wakaaji wa jimbo hili.

Diploma, ateliye na ruhusa

Maisha ya van de Velde yanaonyesha kwamba vitu vitatu vinahitajika pamoja: shule, kazi ya mkono na kupimwa na wengine. Yeye alikosa cha kwanza, akakijaza kwa miaka mingi ya cha pili. Lakini hakuwaambia vijana wafuate njia yake. Aliwajengea shule, kwa sababu alijua kwamba kwa kila mmoja anayefaulu bila shule, wako wengi wanaopotea njiani.

Nchi mbalimbali zinaunganisha vitu hivyo vitatu kwa namna yake. Marekani, jimbo la Alabama lilikuwa la kwanza kuweka sheria ya jina la wasanifu wa ndani, mwaka 1982. Huko mtihani unaojulikana unaitwa NCIDQ. Mwenye shahada ya masomo haya anatakiwa kwanza kufanya kazi masaa 3,520, karibu miaka miwili, kabla ya kumaliza mtihani huo wenye sehemu tatu. Diploma peke yake haitoshi, na kazi peke yake bila masomo haitoshi. Karibu na sisi, Tanzania ina Chuo Kikuu cha Ardhi huko Dar es Salaam kinachofundisha usanifu wa ndani, na bodi ya AQRB inayosajili wenye kazi za usanifu. Kenya na Uganda nazo zina bodi za kusajili wasanifu wa majengo.

Kwa hiyo familia inayomtuma mtoto mbali, iwe Kinshasa, Kampala ama Dar es Salaam, ifanye vizuri kuuliza mambo manne kabla ya kulipa pesa ya kwanza. Kwanza, je, shule inakubaliwa na Serikali, na diploma yake inaandika jina gani kamili la kazi? Kuna tofauti kati ya mpambaji, msanifu wa ndani na arkitekti, na kosa la neno moja linaweza kumfungia mtoto mlango miaka mitano baadaye. Pili, je, kuna ateliye ya kweli na kipindi cha mafunzo ya kazi, ama ni darasa na ubao peke yake? Tatu, nchi ile ikitaka usajili, je, mwanafunzi kutoka nje anaweza kusajiliwa, na akirudi Congo karatasi yake italinganishwaje? Nne, mpaka wa kazi ni wapi: mwenye diploma hii anaweza kutia sahihi michoro gani, na ni ipi inayohitaji sahihi ya arkitekti ama ya enjinia?

Na kijana ambaye hana pesa ya kwenda mbali asidhani mlango umefungwa kabisa. Seremala wa Bunia anayejua kupima, anayeandika hesabu zake, anayechora kwanza kabla ya kukata, na anayetunza picha za kila kazi aliyomaliza, amekwisha kuanza sehemu ya njia. Siku akipata nafasi ya shule, hataingia mikono mitupu. Mwenzake aliye na diploma asimdharau, maana atamhitaji siku ya kwanza ya kazi. Huko Weimar, zaidi ya miaka mia iliyopita, van de Velde alianza kwa kuingia katika nyumba za wasuka vikapu na wafinyanzi kutazama mikono yao. Shule ilikuja baada ya hapo.

Kuhusu wale saba wa Tervuren, heshima inayowafaa ni kwamba mbao ya Ituri ikipangwa tena katika ukumbi mzuri, popote duniani, anayechora ukumbi huo awe anaweza kutoka Mambasa, Djugu, Irumu, Aru ama Mahagi, akiwa na karatasi yake mkononi na kazi yake mbele ya macho ya watu.